Harufu ya Moshi wa Motokaa na Maana Yake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la Kemia ambalo hata mzazi ambaye hakupata kuingia maabara ataweza kulifuata. Nimechagua moshi wa motokaa. Hapa Mugumu kila mtu anaujua: anayesubiri Noah ya kwenda Tarime kwa njia ya Nyamongo, anayepakia mahindi kwenye Fuso, na anayesimama kando ya barabara huku magari ya watalii yakipita kuelekea Fort Ikoma. Wote wanaunusa, lakini wachache huuliza moshi huo unasema nini.

Mafundi huuliza. Yupo fundi mmoja mzee karibu na soko ambaye jioni hupita gerejini kwake kumsalimu. Yeye haanzi kwa kufungua boneti. Humwambia mwenye gari, "Washa," kisha huzunguka nyuma, husimama hatua mbili kutoka kwenye ekzosi, akapunga mkono ili moshi kidogo tu umfikie puani, kama vile tunavyowafundisha vijana kunusa amonia. Siku moja nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kufanya hivyo.

"Hakuna aliyenifundisha, Mwalimu," akanijibu. "Ukiweka pua kwenye bomba, kichwa kitakuuma mpaka jioni. Kesho yake utasimama mbali mwenyewe."

Katika somo hili nitaanza na harufu ambazo pua inaziweza, kisha nitafika kwenye hewa moja ambayo pua haiiwezi kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nichague somo hili, lakini hatuwezi kuielewa kabla ya hizi nyingine.

Kwanza yafaa tujue moshi mzima unapaswa kuwa na nini. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani vitu vilivyojengwa kwa haidrojeni na kaboni. Ikiungua kikamilifu, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani ikawa kaboni dayoksaidi, nayo haidrojeni hushikana na oksijeni ikawa maji. Vyote viwili havina harufu. Ili kazi hiyo iende sawa, kila kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Wengi hushangaa wakisikia kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, lakini ndivyo ilivyo. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke, na asubuhi ya baridi, kama zile zetu za Juni na Julai, mvuke huonekana mweupe na bomba hudondosha matone. Mzazi mmoja alitaka kuliuza gari lake kwa sababu ya matone hayo. Kwa kweli gari lilikuwa na afya njema, na baada ya dakika chache injini ilipopata moto, weupe wote ulikwisha.

Basi, moshi ukinuka, jua kwamba kuna kitu ambacho hakikuungua, au kimeungua nusu, au kimeingia ndani ya silinda bila kualikwa.

Harufu ya petroli mbichi ni rahisi kuitambua. Maana yake petroli imezidi hewa, au cheche imekosekana. Kwenye pikipiki na magari ya zamani yenye kabureta, angalia kwanza kama choki imeachwa imevutwa, halafu chujio la hewa, lile ambalo mafundi huliita eya klina. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi huliziba chujio upesi kuliko kitabu cha gari kinavyotabiri, kwa maana waliokiandika waliwaza barabara za lami. Gari la dizeli lililozibwa chujio halinuki petroli, bali hutoa moshi mweusi kama masizi ya chungu. Kwenye magari ya siku hizi yenye kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko kuleta harufu. Hapo shuku nozeli inayovuja, au sensa ya oksijeni iliyokufa, au plagi isiyochoma. Plagi ikifa, injini hutetemeka na kukosa mapigo. Ifungue: yenye maji ya petroli haichomi, yenye masizi makavu meusi inapewa petroli nyingi mno, na yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima.

Nawaomba wenye magari wasipuuze harufu hii. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yana chombo ndani ya ekzosi, kilichojaa vijitundu kama masega ya nyuki, vilivyopakwa platinamu na madini mengine ya thamani. Kazi yake ni kuumalizia moshi ambao haukuungua vizuri. Akili za watu ndizo hizo: kuna wanaoling'oa sega hilo wakaliuza, kisha wanashangaa kwa nini gari linanuka kuliko lilivyonunuliwa. Sasa petroli mbichi ikifika humo huungua hapo hapo, na chombo chaweza kuwa chekundu kwa moto. Gari kama hilo likiegeshwa juu ya nyasi kavu mwezi wa Agosti, laweza kuwasha pori, na sisi tunaishi mlangoni mwa Serengeti.

Harufu ya pili ni ya mafuta ya taa, nayo ina historia ndani ya nchi yetu ambayo wanafunzi wa Uraia wangepaswa kuijua. Unaijua harufu ya kibatari kilichopulizwa sasa hivi, kabla utambi haujapoa? Gari la petroli likitoa harufu hiyo, huenda limenyweshwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli. Hayageuki mvuke upesi, na huwaka kabla ya wakati wake kwa sababu oktani yake ni ndogo. Dereva husikia injini ikigonga kama inapigwa kwa nyundo ndogo anapopanda mlima. Sehemu isiyoungua huteremka ukutani mwa silinda, huingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji, na hapo vyuma huanza kusagana. Kwenye dizeli udanganyifu huu ni mgumu zaidi kuutambua kwa pua, maana mafuta ya taa huungua vizuri humo. Lakini hayalainishi kama dizeli, na pampu huchakaa mapema.

Kwa nini watu walichanganya? Kwa miaka mingi Serikali ilitoza mafuta ya taa kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, ili nyumba zisizo na umeme zipate mwanga kwa bei nafuu. Nia ilikuwa njema, lakini tofauti ile ya bei ilikuwa faida mkononi mwa mchanganyaji. Mwaka 2010 EWURA, ambayo ndiyo inayosimamia nishati na maji, ilianza mpango wa kutia alama ya kemikali ndani ya mafuta yanayouzwa nchini. Mkaguzi akipima mafuta kituoni akakuta alama imepungua, anajua kwamba yamechanganywa, au ni yale ambayo hayakulipiwa kodi. Hilo peke yake halikutosha. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita moja. Faida ya kuchanganya ikayeyuka, lakini bei ya koroboi nayo ikapanda. Mwanafunzi wa kijijini aliyekuwa akisoma usiku kwa kibatari alilipia usalama wa injini ambayo hakuwa nayo. Mimi sisemi kwamba Serikali ilikosea, kwani magari yaliyokuwa yakiharibika yaliwabeba wagonjwa na mahindi ya watu wale wale. Nasema tu kwamba hesabu ile ililipwa na mtu fulani, na mtu huyo hakuwa mchanganyaji.

Kama unashuku petroli yako, hasa ile ya chupa inayouzwa kando ya njia, fanya jaribio ambalo vijana wa Kidato cha Pili wanaliweza. Mbali na moto na sigara, dondosha tone moja juu ya karatasi safi nyeupe, uiache uwanjani kivulini. Petroli safi itakauka yote baada ya dakika chache. Ikibaki doa la mafuta linalong'aa karatasi ikielekezwa kwenye mwanga, kuna kitu kizito ndani yake.

Oili ikiungua hutoa moshi wa bluu na harufu kali, kama kikaango cha mafuta kilichosahauliwa jikoni. Hapa fundi huangalia saa kuliko pua, yaani moshi unatoka wakati gani. Ukitoka kwa wingi asubuhi gari linapowashwa kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka na oili imechuruzika usiku. Ukitoka gari linapokazana mlimani, shuku ringi za pistoni, na hapo tayarisha fedha. Madereva wa bodaboda huniambia kwamba pikipiki kutoa moshi wa bluu ni kawaida. Ilikuwa kawaida kwa zile za zamani za mipigo miwili, ambazo oili ilichanganywa na petroli makusudi. Pikipiki nyingi tulizo nazo sasa ni za mipigo minne, na kwa hizo bluu ni ugonjwa. Lakini usikimbilie kufungua injini. Mara nyingi oili huvuja kutoka kwenye kifuniko cha valvu ikadondokea manifoldi ya moto, na harufu huja kutoka mbele chini ya boneti, wakati nyuma moshi ni safi. Gasketi moja tu humaliza shauri.

Vitabu vyote vinasema kwamba moshi mweupe wenye harufu tamu ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua na maji ya rejeta kuingia ndani ya silinda. Utamu huo hutoka kwenye dawa ya kupoza iitwayo koolanti, ambayo ndani yake mna glaikoli. Ni sumu, isiachwe mahali ambapo mtoto au mbwa ataionja. Basi hapa kwetu vitabu hutupoteza kidogo, kwa sababu madereva wengi hujaza rejeta maji ya bomba au ya kisima tu. Maji matupu hayana utamu. Gasketi itaungua, maji yataingia, na pua haitasikia lolote. Tegemea macho badala yake: mvuke mweupe usiokwisha hata jua likiwa limepanda, maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja chini, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko chake. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata kama una haraka.

Yai bovu nalo lina maelezo yake. Petroli na dizeli zina chembe za salfa, na injini ikipewa petroli nyingi kuliko hewa, lile sega la nyuki huigeuza salfa kuwa haidrojeni salfaidi, hewa ile ile tunayoitengeneza maabara na kuwafanya Kidato cha Tatu wakimbilie madirishani. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na hivyo harufu hii imepungua. Ukiisikia mara moja ukipanda mlima mkali, endelea na safari. Ukiisikia kila siku, rudi kwenye orodha ya petroli mbichi: nozeli, sensa, chujio. Na uhakikishe kwanza inatoka nyuma. Betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa harufu hiyo hiyo kutoka mbele, nayo huwa ya moto na yaweza kupasuka.

Haidrojeni salfaidi inatupa funzo jingine la ajabu. Pua huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani hatari imeondoka. Pua kadhalika huzoea. Dereva aliyekaa ndani ya gari linalonuka kutwa nzima atakuapia kwamba halinuki. Kwa hiyo ukitaka kulikagua gari, mwombe mtu aliyetoka nje aingie.

Sasa nafika kwenye hewa isiyonuka. Kaboni ikikosa oksijeni ya kutosha hushika chembe moja badala ya mbili, ikawa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haikuni koo. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi darini wala haitulii sakafuni, huchanganyika tu. Ndani ya damu hushikana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni hukosa kiti. Hewa yenye sehemu 1 tu ya kaboni monoksaidi katika sehemu 100 yaweza kumuua mtu kwa dakika chache. Moshi wa injini ya petroli isiyo na sega la kusafishia waweza kuwa na sehemu kadhaa katika 100.

Mwisho wa muhula mmoja nilisafiri katika Noah iliyojaa wanafunzi wanaokwenda nyumbani. Masanduku ya bati na magodoro yalikuwa yamejazwa nyuma, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba ukiwa nusu wazi, kama tunavyoona kila siku. Baada ya muda wasichana wawili waliokaa kiti cha mwisho walisinzia, mvulana mmoja akatapika, na mwingine akalalamika kichwa. Abiria walisema ni mashimo ya barabara. Mimi niliyekaa katikati nilisikia harufu ya moshi, si kali. Nilimwomba dereva asimame.

"Mwalimu, mlango wa nyuma uko wazi," akasema. "Hewa inaingia tele."

Ilikuwa ikiingia kweli. Gari lenye mgongo wa bapa likikimbia, nyuma yake huachwa mahali penye kanieneo ndogo, na hewa hurudi huko ikizunguka. Tunaona jinsi vumbi linavyofuata mgongo wa basi na kushikamana na kioo cha nyuma. Moshi wa ekzosi hufanya vivyo hivyo, na ukikuta mlango wazi, huvutwa ndani. Wa mwisho kukaa ndio wa kwanza kuumwa, na dereva, aliyefungua dirisha lake la mbele, hasikii kitu. Tuliwateremsha wote, wale wasichana tukawaamsha na kuwatembeza kando ya shamba la mtama. Baada ya kama nusu saa kichwa cha yule mvulana kilikuwa kimeanza kupoa. Magodoro yalihamishiwa juu ya gari, mlango ukafungwa kabisa, madirisha ya mbele yakafunguliwa, tukafika salama. Baadaye fundi alikuta tundu la ukubwa wa shilingi kwenye kiungo cha ekzosi, mbele ya sailensa, chini kabisa ya kiti kile cha nyuma.

Wazazi, angalieni jinsi ugonjwa ule ulivyojitambulisha. Watu kadhaa waliumwa kwa pamoja, na nafuu ilianza walipotoka nje. Malaria haifanyi hivyo. Ndivyo pia ilivyo kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, au jenereta iliyowekwa ukumbini. Na pale kwenye Noah, harufu tuliyoisikia haikuwa sumu yenyewe. Ilikuwa ya petroli iliyoungua nusu, iliyosafiri na sumu kwenye bomba moja. Kwa hiyo moshi ukisikika ndani ya gari, hata kidogo, hata kama si mbaya, hesabu kwamba mwenzake asiyenuka yumo tayari. Simamisha gari, teremsha watu.

Aliyezimia au anayesema mambo yasiyoeleweka apelekwe hospitali mara moja, na mganga aambiwe wazi kwamba alivuta moshi. Hilo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni huweza kudanganyika: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, na huonyesha kwamba mambo ni mazuri. Kwa hewa safi tu, nusu ya sumu hutoka mwilini kwa muda wa saa nne au tano. Kwa oksijeni ya hospitali hutoka kwa kama saa moja na nusu.

Kutafuta tundu kwenye ekzosi ni kazi ya watu wawili. Gari liwe uwanjani, hendibreki imevutwa, gia iko huru, matairi yamewekewa mawe. Mmoja awashe injini na asiguse mafuta. Mwingine, akiwa amevaa glavu nene, azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa kwa muda mfupi, huku uso ameugeuzia pembeni. Ekzosi nzima itakataa: kitambaa kitasukumwa na injini itataka kuzimika. Ekzosi iliyotoboka itazomea mahali penye tundu. Pakeni maji ya sabuni kwenye viungo, nayo mapovu yataonyesha mahali hasa. Mistari myeusi ya masizi kwenye viungo ni ushahidi mwingine. Tundu la bomba huchomelewa, gasketi ya manifoldi hubadilishwa, na bomba lililokatikia chini ya sakafu lazima lirefushwe mpaka lipite nje ya bodi. Fundi wetu hupenda kufanya ukaguzi huu alfajiri, kabla gari halijatembea. Ekzosi ya moto huunguza mikono, na zaidi ya hayo, chuma kikipata moto hutanuka, na tundu dogo huweza kujiziba likajificha mpaka gari lipoe tena.